Shajara ya filta ya dizeli: Hilux, vitunguu na mpira wa levo

Jumamosi, 6 Julai 2024. Kilomita 318,440

Gari limeniaibisha kwenye mlima wa Kitonga. Halikuzima, afadhali lingezima nikajua moja. Nilikuwa natoka Ruaha Mbuyuni na magunia tisa ya vitunguu, safari ninayoifanya kila baada ya wiki mbili tatu, na kule chini kwenye mibuyu lilikimbia vizuri tu. Tulipoanza kupandisha, kona ya pili, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho na gari likawa kama halijasikia. Gia ya tatu ikashindwa. Nikarudi ya pili, nayo ikaanza kusinzia. Injini inavuta, inaachia, inavuta, inaachia, kama mtu anayekunywa uji mzito kwa mrija. Nyuma yangu lori la kwenda Tunduma, honi juu ya honi.

Kabla sijapata pa kusogea pembeni, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi: ile yenye alama ya chujio na matone chini yake. Kwa miaka sita niliyonayo gari hili sijawahi kuiona ikiwaka, ukiacha ile sekunde moja ya kugeuza ufunguo.

Nikaegesha, nikaweka mawe kwenye matairi, nikasubiri kama dakika kumi. Nilipowasha, likapanda vizuri kwa umbali fulani, kisha likarudia yale yale. Nimepanda Kitonga kwa vituo vitatu kama treni. Nyumbani Kihesa, Iringa, nimeingia saa tatu usiku.

Kwa kumbukumbu: ni Hilux pikapu ya zamani, injini 3L, dizeli, sisi 2,779, haina turbo wala kompyuta. Kila kitu chake unaweza kukishika kwa mkono, na ndiyo sababu nimeamua kazi hii niifanye mwenyewe uani.

Na ungamo, kwa kuwa shajara isiyo na ukweli haina maana: jana jioni kule Mbuyuni mshale wa mafuta ulikuwa umelala, nikanunua dumu la lita ishirini kwa kijana mmoja pembeni ya barabara. Lita moja ilikuwa nafuu kwa shilingi mia nne kuliko kituoni. Nimeokoa shilingi elfu nane.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba, maduka ya spea mengi yamefungwa. Basi leo nimefanya la bure: kutoa maji.

Filta ya gari hili ni kopo la chuma lililoning'inia ubavuni mwa chumba cha injini. Juu yake imekaa pampu ndogo ya mkono, kifundo unachokibonyeza kwa kiganja. Chini yake imefungwa sensa ya maji yenye waya, na kwenye kitako cha sensa kuna koki ndogo ya plastiki. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, hivyo maji yakiingia kwenye kopo hujikusanya chini. Yakipanda kufikia kiwango cha sensa, taa ya dashibodi inawaka.

Nilikata chupa ya maji ya nusu lita, nikaikinga chini, nikalegeza koki kwa vidole mizunguko miwili na kidogo, nikabonyeza pampu ya juu mara saba hivi. Kilichotoka kwanza hakikuwa na rangi ya dizeli wala ya maji. Kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala. Nikaendelea mpaka ikaja dizeli yenyewe, nikafunga koki kwa mkono tu, bila plaizi, maana plastiki ile ukiibana kwa chuma unaipasua.

Chupa nimeiweka juu ya ukuta nikaenda kunywa chai. Niliporudi ilikuwa imejipanga yenyewe: maji chini, vidole viwili, katikati utando mwembamba wa kahawia unaofanana na makamasi, juu dizeli. Ule utando ndio ulionishughulisha. Ni vijidudu. Huishi pale pale maji na dizeli vinapokutana, wanakunywa huku wanakula kule, na wakifa wanageuka tope linalokwenda kujibandika kwenye karatasi ya filta. Ndiyo sababu ya mrija wa uji. Mlimani injini inataka mafuta mengi, karatasi imeziba, yanayopita hayatoshi. Ukizima, mvuto unakatika, tope linalegea kidogo kwenye karatasi, unapata nguvu ya kukufikisha kona inayofuata.

Utando kama ule haujengeki kwa usiku mmoja. Kijana wa dumu nimemlaumu njia nzima, lakini yeye ameongeza maji tu, pengine ya kusuuzia dumu. Wenyeji wa utando walikuwa tangini siku nyingi.

Mke wangu ameuliza kama haya ndiyo mafuta ya kuchakachua. Nikamwambia hapana, na bora yangekuwa yanaonekana namna hii. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli hayajitengi kwenye chupa, unaweza kuiangalia wiki nzima. Ndiyo maana EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mpaka bei yake ikaisogelea ya dizeli, ili anayechanganya asipate faida. Maji ni uzembe tu, na uzembe wa safari hii ni wangu.

Taa imezimika. Gari linawaka. Filta lazima ibadilishwe vilevile.

Jumanne, 9 Julai

Duka la kwanza hapa mjini wamenipa filta nyepesi kama kopo la maziwa lililokwisha. Boksi linang'aa kuliko filta yenyewe. Nilipochungulia ndani ya tundu la katikati nyuzi za kufungia zilikuwa na vumbi la chuma. Vumbi la chuma, ndani ya kitu kinachouzwa ili kizuie vumbi. Shilingi elfu kumi na mbili. Nikamrudishia, nikamshukuru.

Duka la pili hawana. Nikampigia mdogo wangu aliyeko Dar, akaenda Gerezani, Kariakoo, akanipigia video kaunta nzima. Tumechagua moja ya elfu arobaini na tano, nikamtumia hela kwa simu, itapanda basi la kesho. Ameninong'oneza kwamba muuzaji alitaka kumpa boksi bila kulifungua. "Kaka, nimemwambia afungue, kaka yangu wa Iringa ana maneno mengi." Sawa.

Mzigo nimeupokea stendi Jumatano jioni. Kopo zito, rangi nyeusi, gasketi kubwa ikiwa tayari imekaa juu, vifuniko vya plastiki kwenye matundu. Nimelipiga picha pamoja na boksi lililo wazi, nimelirudisha ndani, nimeliweka juu ya kabati.

Jumamosi, 13 Julai. Siku ya kazi

Julai ya Iringa si ya kuamkia chini ya gari. Nimesubiri jua mpaka saa nne.

Vifaa: spana ya filta ya mnyororo, plaizi, bisibisi bapa, beseni, matambara ya fulana za zamani, chupa iliyokatwa, tochi. Nimetoa terminali hasi ya betri. Nimefunika mikanda na mpira wa chini wa radieta kwa mfuko wa nailoni, maana dizeli ikiloweka mpira inaulainisha na kuuvimbisha, na dizeli ya filta lazima imwagike. Hakuna aliyewahi kuitoa bila kumwaga, akikwambia hivyo anakudanganya.

Nimekwisha futa vumbi lote kuzunguka kichwa cha filta kwa mswaki na tambara lenye dizeli safi kabla ya kulegeza chochote. Hii nisingeifanya zamani. Lakini ukifungua kukiwa na mchanga juu, mchanga unaanguka upande usiotakiwa, upande wa pampu. Pampu ya dizeli ya gari hili inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake, na nafasi kati ya vyuma vyake vya ndani ni ndogo kuliko unene wa unywele. Chembe moja ya mchanga humo ndani ni kazi ya fundi wa pampu na nozeli, na yule hazungumzi habari za elfu arobaini na tano.

Nikachomoa soketi ya waya wa sensa. Nikatoa maji kwa koki kwanza, kopo likawa jepesi. Nikafunga mnyororo, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena, mnyororo ukateleza, nikajigonga kifundo cha kidole kwenye betri. Nikafunga kipande cha msasa kati ya mnyororo na kopo, nikavuta kwa mwili mzima, na filta ikatoa mlio mfupi, ikaachia.

Ilipokuja mkononi nikaigeuza kutafuta tarehe. Mwaka jana, mwezi wa tisa, niliacha gari gereji moja kwa sevisi nikalipia "filta zote", na nilionyeshwa filta ya dizeli inayong'aa. Kumbe inang'aa kwa kufutwa. Upande uliotazama ndani, ambako mtu hawezi kuona bila kuitoa, imeandikwa kwa kalamu nyeupe: 14/2/21. Hiyo ni kalamu ya fundi wangu wa zamani aliyehamia Mbeya; yeye alikuwa na tabia ya kuandika. Kilomita karibu elfu sitini kwa filta moja. Nilikaa kwenye ndoo kama dakika tano nikiitazama tu.

Sensa ya maji inahamishwa kutoka filta ya zamani kwenda mpya. Nimebana filta ya zamani katikati ya mapaja, nikashika sensa kwa plaizi juu ya tambara, nikaizungusha taratibu. Imetoka na oringi yake, kile kiduara cha mpira kinachoziba mwanya wake. Nikaiosha kwa dizeli, kile kielea chake kinacheza juu chini vizuri. Nikapaka oringi dizeli, nikaifunga kwenye filta mpya kwa mkono mpaka ikakaa. Kumbukeni sentensi hii, nitairudia kwa aibu.

Halafu likaja swali ambalo mafundi huweza kupigania: je, unajaza filta mpya dizeli kabla ya kuifunga? Wengi hujaza, na wengi hujaza kwa kumimina katikati. Tundu la katikati ndilo la kutokea, dizeli ukiimwaga pale inakuwa imeruka karatasi, inakwenda moja kwa moja kwenye pampu bila kuchujwa. Ukitaka kujaza, jaza kwa yale matundu madogo ya pembeni. Mimi nimeifunga tupu. Pampu ya mkono imewekwa kwa kazi gani?

Gasketi kubwa nimeipaka dizeli. Filta nimeizungusha kwa mkono mpaka gasketi ikagusa, kisha nikaongeza robo tatu ya mzunguko, kwa mkono. Spana ya mnyororo ni ya kutolea. Anayeitumia kufungia anamtesa atakayefungua, ambaye kwa kawaida ni yeye mwenyewe.

Soketi ya sensa, terminali ya betri, kisha kupampu. Mwanzoni kifundo kinazama bila kipingamizi, kama unabonyeza mto. Nimehesabu mara sitini na kitu ndipo kikaanza kuwa kigumu, na kiganja changu nacho. Nikageuza ufunguo, nikasubiri taa ya hita izime, nikapiga stata. Ikashika, ikakohoa, ikataka kuzima, nikaishikilia kwa mafuta kidogo, moshi mweupe ukatoka, kisha ikatulia. Nimezunguka nayo mpaka Ipogolo na kupanda kurudi mjini. Nguvu zimerudi. Mlima wa Ipogolo nimeupanda kwa gia ya tatu nikiimba.

Mke wangu akasema, "Kumbe tulikuwa tunalipa watu bure." Nikakubali haraka mno.

Jumapili, 14 Julai

Asubuhi, saa moja na nusu, watu wamevaa kwa ajili ya kanisa. Nimewasha gari, limewaka mara moja. Nimehesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Limezima.

Nimepiga stata sekunde kumi na tano, nikapumzisha, nikapiga tena. Hakuna. Nimefungua boniti nikiwa na shati jeupe, nimebonyeza pampu: laini kama mto. Mara arobaini ndipo kikakaza, gari likawaka, likaendelea vizuri. Tumefika kanisani wakati wa somo la pili.

Limeshika upepo. Hiyo nimeijua bila kuambiwa. Usiku hewa inapenya mahali, dizeli iliyokuwa kwenye mipira inarudi tangini kwa uzito wake, na asubuhi injini inakunywa kile kilichobaki ndani ya pampu kisha inakosa.

Mchana nimelala chini ya gari na tochi kutafuta mahali panapovuja. Pakavu. Nimezungusha karatasi ya chooni kwenye kila maungio: kavu, kavu, kavu. Nimekaza klipu zote nilizoziona, hata ambazo sikuzigusa jana.

Jumatatu asubuhi, yale yale. Sekunde saba. Jumanne, sekunde sita.

Jumatano, 17 Julai

Mzee jirani aliendesha malori ya Tunduma zaidi ya miaka thelathini. Siku tatu amenisikia nikipampu kabla ya jua, leo amekuja na fimbo yake mpaka getini.

"Kamwene."

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Unapiga gari pampu kama baiskeli. Kuna nini?"

Nikamweleza. Akainama akatazama filta mpya, akaigusa kwa kidole, akanusa kidole.

"Umetafuta panapovuja?"

"Nimetafuta mzee, hapavuji popote."

"Hapawezi kuvuja. Mafuta hapa hayasukumwi, yanavutwa. Kutoka tangini mpaka kwenye pampu ile, yote ni kunyonya. Tundu likiwepo, mafuta hayatoki nje, hewa ndiyo inaingia ndani. Usitafute panapovuja mwanangu, tafuta panapopumua."

Nimekuwa na gari la dizeli miaka sita na hili sikuwahi kulifikiria. Nilikuwa natafuta kwa akili ya bomba la maji ya nyumbani, ambako tundu ni tone. Kwenye gari hili mvutaji amekaa ndani ya pampu ya dizeli huko mbele, na kila kitu nyuma yake kinanyonywa. Karatasi yangu ya chooni ingekaa kavu mpaka Krismasi.

Akaniuliza kama nina mpira wa kuonea. Sikumwelewa mpaka akasema "ule wa waashi". Mpira wa levo! Ule mrefu unaoonyesha ndani, ambao waashi hujaza maji kupimia usawa wa msingi. Ninao stoo tangu tulipojenga. Nimekata kipande cha kiganja kimoja na nusu, nikatoa mpira mweusi unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu, nikaweka huo kwa muda, klipu huku na huku. Ni wa kupimia tu. Joto la injini na dizeli vitauharibu, si wa kusafiri nao.

Tumewasha. Mzee ameshika tochi. Kwanza dizeli ilipita safi, ya rangi ya asali nyepesi, mtu angedhani mpira umesimama. Kisha kibofu kimoja kidogo. Kisha viwili vikifuatana, vidogo kama punje za ulezi, vikipanda kuelekea kwenye pampu. Kisha mfululizo.

"Ndiye huyo," mzee akasema, kama anayemtambulisha mgeni.

Tukahamisha kipande nyuma ya filta, upande unaotoka tangini. Tukawasha, tukasubiri dakika tano. Hakuna hata kibofu kimoja. Kwa hiyo tangi ni zima, mipira ya chasisi ni mizima. Hewa inaingia kati ya hapa na pale, na kati ya hapa na pale kuna kitu kimoja tu: filta niliyoifunga kwa mikono yangu.

Zimebaki sehemu tatu za kushuku: gasketi kubwa ya juu, kifundo cha pampu ya mkono, na sensa ya chini. Mzee ameagiza grisi. Tumerudisha mpira wa kuonea mbele, injini ikiwa inaunguruma nimepaka grisi nene kuzunguka gasketi ya juu. Vibofu vinaendelea. Nimepaka kwenye kifundo. Vinaendelea. Nimepapasa chini, nikajaza grisi kwenye mwanya wa sensa na kopo, na kwenye mpira wa kuonea vibofu vikapungua, vikawa kimoja kimoja, vikakatika. Grisi ilikuwa imenyonywa ndani ya ule mwanya, imeacha kishimo kama cha kidole kwenye siagi.

"Oringi ya hapo umeweka ipi?" mzee akauliza.

"Ya zamani."

Hakusema kitu. Amenitazama, akachukua fimbo yake, akasema chai iko nyumbani kwake.

Jumatano hiyo hiyo, usiku

Nimetoa sensa. Oringi ya zamani imebonyea, upande mmoja ni bapa kama tambi. Miaka mitatu imebanwa umbo moja. Nilipoifunga tena haikukaa mahali pake pa zamani.

Nimefungua simu kutazama picha niliyolipiga boksi siku ya stendi. Kwenye kona ya chini, ndani ya kimfuko cha nailoni: kiduara cheusi. Oringi mpya ilikuwemo. Filta ilikuja nayo, kama filta nzuri zote za aina hii, na mimi niliyejisifu kwa kukataa boksi lisilofunguliwa sikutazama chini ya boksi.

Boksi liko wapi? Mke wangu hajui. Pipa la taka lilimwagwa Jumatatu.

Alhamisi, 18 Julai

Limepatikana. Mwanangu wa miaka sita alilichukua Jumamosi ile ile nikiwa bado chini ya gari, akalifanya lori. Ni lori zuri: matairi ya vizibo, kebini ya kopo la dawa ya meno, na ubavuni, limefungwa kwa waya, tairi la spea. Jeusi, duara, laini, saizi yake barabara.

Nimeomba kwa upole. Mazungumzo yalichukua muda mrefu kuliko kufungua filta. Mwisho nikamwambia nitampa nyingine badala yake, nikamletea ile ya zamani niliyoifuta vizuri. Ameishika kwenye mwanga, ameizungusha, amenirudishia.

"Baba, hii imebonyea."

Mtoto wa miaka sita ameliona kwa sekunde mbili jambo lililonipampisha asubuhi nne. Nimelipa kwa pakiti ya biskuti na kipande cha mpira wa baiskeli.

Jumamosi, 20 Julai

Kazi ya nusu saa. Nimefuta grisi yote kwenye kifereji cha sensa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, nimekagua kama hakuna mkwaruzo. Oringi mpya nimeipaka dizeli, nimeihakikisha imekaa bila kujipinda, nimefunga kwa mkono. Nimepampu. Nimewasha na mpira wa kuonea ukiwa mahali pake, nikakaa kwenye ndoo robo saa nzima nikiutazama kama televisheni. Dizeli imesimama. Yaani inakwenda, lakini hakuna cha kuonyesha kwamba inakwenda.

Mpira mweusi umerudi, klipu mpya mbili.

Jioni nimepasua filta ya zamani kwa msumeno wa chuma, kwa sababu tu nilitaka kuona. Karatasi ndani imekunjwakunjwa kama kanga iliyopigwa pasi ya mikunjo, na kwa mpya inapaswa kuwa na rangi ya njano iliyofifia. Hii ilikuwa nyeusi nusu ya chini. Nilipofungua mikunjo kwa kidole, katikati yake tope la kahawia limejaa, linateleza, lina harufu ya mayai yaliyooza. Kuta za ndani za kopo zina kutu ya madoadoa mpaka pale maji yalipokuwa yanafika; ungeweza kuchora mstari kwa rula. Kutu hiyo ingeingia kwenye pampu kama karatasi ingechanika. Haikuchanika. Filta ya 2021 imenilinda kwa muda mrefu kuliko nilivyoilipia, na gereji niliyoilipa haikuigusa.

Nimeandika kwenye mpya, kwa kalamu nyeupe, upande unaotazama nje: 13/7/24, na chini yake, oringi 20/7/24. Dizeli chafu yote niliyoikusanya, kama lita mbili, mzee ameiomba akapake nguzo za uzio wake, mchwa wamemchosha.

Asubuhi ya Jumapili, Jumatatu na Jumanne: limewaka, halikuzima. Nimeacha kuhesabu Jumatano.

Jumamosi, 3 Agosti. Kilomita 319,205

Mbuyuni, magunia kumi, moja zaidi kwa makusudi. Tangi nimelijaza kituoni Iringa kabla ya kushuka. Siku hizi nalijaza kila jioni ninapoweza. Tangi lililo nusu usiku wa baridi linatengeneza umande kwenye kuta zake, na umande huo unashuka kwenda kunywesha wale vijidudu.

Kijana wa madumu alikuwepo pale pale, amenitambua, amenyanyua dumu. Nimempigia honi nikapita.

Kitonga: gia ya tatu mpaka kona ambayo gia ya tatu hukatalia siku zote hata gari likiwa jipya, kisha ya pili mpaka juu, bila kusinzia. Mbele yangu kulikuwa na lori lililobeba makontena mawili, tumepanda kwa mwendo wake. Sikutaka hata kulipita. Taa haikuwaka.

Jumapili, 4 Agosti

Nimefungua koki asubuhi kabla ya kuwasha, kwenye chupa ile ile iliyokatwa. Maji kama kijiko kimoja cha chai, na uzi mdogo wa utando. Kisha dizeli.

Kwa hiyo bado wamo tangini. Nitakuwa natoa maji kila Jumapili, na filta hii sitaisubiri kilomita elfu kumi. Nimekwisha mwagiza mdogo wangu nyingine, na safari hii kimfuko cha oringi kitabandikwa kwa gundi juu ya kopo. Alhamisi ni Nane Nane, niko nyumbani. Mzee amesema atakuja na jeki yake kubwa. Tunashusha tangi.